Bwawa la Igombe bado lina kazi

Ukifungua bomba mjini Tabora siku hizi, maji yanayotoka ni ya Ziwa Viktoria. Yamevutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa huko huko, yakapandishwa kwa pampu, yakapita chini ya mashamba ya Shinyanga na Nzega mpaka yakatufikia. Ukishaosha vyombo ukayamwaga uani, yanashika njia nyingine kabisa. Ardhi yetu inateremkia magharibi. Kaskazini ya mji maji hufuata Mto Igombe, kusini hufuata mito ya Wala na Ugalla, na yote yanakutana Mto Malagarasi, yanaingia Ziwa Tanganyika, yanatokea Mto Lukuga kwenda Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Maji yaliyokuwa na safari ya Misri tunayageuza njia hapa kwetu, kwenye karo za jikoni. Kila nikiliwaza jambo hilo linanistaajabisha.

Mradi ulizinduliwa na Rais John Magufuli Januari 2021, kwa fedha za mkopo kutoka India, ukazigusa Tabora, Nzega na Igunga. Sisi tuliokulia kwenye foleni za madumu hatuhitaji mtu wa kutueleza thamani yake. Mama zetu waliamka saa tisa usiku kuwahi bomba la mtaa, wakarudi kulipokucha, halafu ndipo siku ya kazi ikaanza. Bomba hilo nalipenda, na wala siandiki kulipinga.

Naandika kwa sababu ya maneno ninayoyasikia sokoni, kwenye daladala, hata misibani: kwamba sasa bwawa limestaafu. Igombe na Kazima, mabwawa mawili yaliyounywesha mji huu kabla ya bomba, yanatajwa kama vitu vya enzi za wazee. Nikisikia hivyo moyo unanienda mbio, kwa kuwa nalijua bwawa la Igombe na najua kilicholifanya libaki zima hadi leo. Tulikuwa tunakunywa pale. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kila aliyetaka kulima hadi ukingoni, kukata miti ya juu ya bwawa au kuswaga kundi zima la ng'ombe hadi katikati ya maji, alijibiwa neno moja lisilopingika: mji unakunywa hapa. Kivuli cha jibu hilo kiliwahifadhi furukombe, kambare na miombo bila mtu yeyote kuwataja. Sasa jibu limelegea, na sijaona lingine lililowekwa mahali pake.

Asiyeijua Tabora atauliza kwa nini tulihitaji bwawa kabisa. Mji wetu umekaa juu ya mwamba. Chini ya udongo na mchanga kuna itale, na itale haihifadhi maji mengi. Hukaa kwenye nyufa, na asiyezipata nyufa huchimba mchana kutwa akaambulia vumbi. Mito yetu ni ya msimu. Februari inafurika hadi watoto hawaendi shule, Septemba unaivuka kwa raba na soksi zikabaki kavu. Mvua huanza Novemba ikakoma Aprili, na kwa mwaka mzima inafika milimita 900 na kitu. Si haba. Kuna nchi zinalima zabibu kwa chini ya hapo. Taabu ipo kwenye miezi inayofuata, ambayo halidondoki hata tone. Kwa hiyo mababu na mabwana shamba na wahandisi wote waliishia kwenye wazo lile lile: kinga maji yakiwepo. Vijijini tukachimba malambo, mjini tukapata Kazima, na baadaye, kaskazini ya mji, Mto Igombe ukazibwa kwa tuta likapatikana bwawa kubwa kuliko yote.

Kuna jambo moja kuhusu bwawa la nchi kama yetu ambalo laiti lingefundishwa darasa la nne. Jua la Tabora hunyanyua kutoka kwenye maji yaliyo wazi kina kikubwa kuliko mvua inayoyadondokea kwa mwaka. Piga hesabu. Kama Igombe lingetegemea mvua inayoangukia juu yake tu, lingekauka. Linaishi kwa mvua iliyonyesha mbali, kwenye misitu na mbuga za juu, ikapokelewa na majani makavu, ikazama kwenye udongo uliolegezwa na mizizi na mchwa, ikajivuta polepole hadi mtoni. Nusu ya bwawa, kwa maana hiyo, imesimama nchi kavu. Ni mitundu, mininga, mikurungu, ni nyasi za mbuga. Ukifyeka huko hujagusa tone la maji, lakini bwawa umeshalijeruhi, maana mvua ile ile sasa inashuka kwa siku moja badala ya wiki tatu, na inashuka na udongo wake. Tope likijaa chini, bwawa linakuwa na kina kifupi. Uso ni ule ule na jua linavuta kiasi kile kile, ila sasa linavuta kwenye akiba ndogo.

Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji, na hali ya bwawa aliisoma kwenye mifuko ya shabu. Sisi wengine tulitazama mawingu, yeye alitazama stoo. Shabu ikitiwa kwenye maji machafu, chembe za udongo hushikamana, huwa mapande mazito, huzama. Maji ya juu hupitishwa kwenye chujio la mchanga, kisha hutiwa klorini, ndipo yanaenda kwenye tangi. Mvua za kwanza za Novemba ndizo alizoziogopa, kwa kuwa zilileta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mifuko ilikwisha upesi. Mwaka ambao moto ulikuwa umepita juu ya bwawa mwezi Agosti aliujua kabla ya kusimuliwa. Oktoba ilikuwa na shida yake nyingine: maji yamepungua, yamepata joto, mwani umeota, vichujio vinaziba, na watu mjini wanalalamika kwamba maji yananuka udongo. Ile harufu naikumbuka vizuri sana. Tulichemsha, tukapoza mtungini, tukanywa, na mama akapikia michembe ya viazi vitamu, na ugali ukaliwa na maisha yakaenda.

"Msitu ukitulia, mimi nalala usingizi," alikuwa akisema. Alipokuwa zamu ya asubuhi alipenda kuangalia ndege kabla ya kuangalia vipimo. Alidai kwamba maji yenye mnandi wengi yana samaki, na yenye samaki yana hewa, na yenye hewa hayatamsumbua sana. Sijawahi kukutana na mtaalamu akanipinga juu ya hilo.

Anayetaka kuliona bwawa likiwa limejaa viumbe aende Oktoba, ingawa ni mwezi mbaya wa jua. Miombo inakuwa imeshachipua majani mapya kabla hata ya mvua, mekundu ya shaba, na ukilitazama pori kutoka juu ya tuta unaweza kudhani kuna moto usiotoa moshi. Mbuga za pembeni zote zimekauka, vidimbwi vimebaki nyufa, kwa hiyo kila chenye mabawa kimekuja huku. Mnandi wanakaa kwenye visiki vilivyozama, wametandaza mabawa kuyaanika. Sile wanatembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vile vidole vyao virefu, hawazami. Kwenye tope lililoachwa wazi na maji kuna korongo domo-wazi, ndege mweusi ambaye mdomo wake haufumbi katikati. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kilema. Kumbe pengo lile ndilo zana yake: anashika konokono na kombe wa maji baridi, analegeza nyama, anaacha kaka pale pale. Mwambao mzima unakuwa umetapakaa makaka matupu.

Kuna chamchanga pia, ndege wadogo wa kijivu wenye kutikisa mkia, ambao hakuna mtu anayewatilia maanani. Hao wametoka kuzalia Urusi na Finland. Wameruka juu ya jangwa wakaja kutafuta wadudu kwenye ukingo wa bwawa la Tabora, na Aprili wataondoka tena. Kila mwaka nawatafuta kwa macho kabla sijatafuta kingine chochote. Nikiwaona napata amani, kwa sababu ndege anayeweza kuchagua maji yoyote kati ya hapa na Finland amechagua yetu.

Na furukombe. Sina haja ya kumweleza mtu aliyewahi kumsikia. Anatupa kichwa nyuma, analia, na mwenzake anamjibu kutoka ng'ambo, na kwa muda hata wavuvi wananyamaza.

Wote hao wanakula kilichomo majini, na majini kuna wanaokula mwani na viluwiluwi vya mbu, na hivyo kazi ya mtambo wa kusafisha maji inaanzia huko kabla ya pampu kuwashwa. Perege wanakula mwani. Matete na mafunjo pale mto unapoingilia yanapunguza kasi ya maji, tope linatua mapema, kabla ya kufika kwenye kina. Mtu akifyeka matete ili apate shamba la mboga, mzigo wa tope lile unahamia kwenye shabu, na shabu inanunuliwa kwa pesa ya bili.

Halafu yapo ya chini ya bwawa. Maji yanayopita tuta wakati wa masika hayapotei. Yanafuata mto kwenda magharibi hadi kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo Aprili 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Ni eneo la kilomita za mraba 32,500, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda au ya Burundi. Huko kuna viboko na mamba, na kuna korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu anayesimama saa nzima bila kutikisika, ambaye watu hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kumtazama. Yeye na mimi tunategemea mto ule ule, yeye tu yuko chini zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha kuliko yote, nalo ni ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Mita 60 zinajulikana. Hata mtoto wa shule atakutajia. Swali ni kwamba zinahesabiwa kutoka wapi, kwa kuwa ukingo wa bwawa letu hautulii. Machi upo kwenye majani, Oktoba umerudi nyuma mbali sana, umeacha uwanja mpana wa tope jeusi lenye rutuba. Mwenye akili ya kilimo akiuona uwanja ule hawezi kuupita hivi hivi. Anahesabu hatua zake kutoka maji yalipo siku ile, anajiridhisha, anapanda nyanya na matango. Mwenziwe anahesabu kutoka maji yalipoishia masika na anamwona mvunja sheria. Wote wawili wanasema mita 60 na hakuna anayesema uongo.

Mimi nasimama na anayehesabu kutoka masika, na sababu yangu ni vitalu vya tumbaku. Wasiotoka mikoa ya tumbaku huenda hawajui kwamba zao hili huanza kiangazi. Miche husiwa kwenye vitalu wakati mvua iko mbali, kwa hiyo kitalu lazima kiwe karibu na maji, kinyunyiziwe maji kwa keni asubuhi na jioni. Mkulima wa Tabora hafanyi hivyo kwa ubaya. Hana bomba shambani, na tumbaku ndiyo ada ya shule. Lakini miche hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu, makopo husuuzwa pale pale, na kitalu kikiwa kwenye tope la bwawa, kimekaa ndani ya bwawa. Masika yakija maji yanapanda, yanafunika kila kilichotiwa. Shabu inazamisha udongo. Dawa iliyoyeyuka haizami nao.

Wakati wa kiangazi kilichopita nilimkuta babu mmoja akishona nyavu chini ya mninga. Tulisalimiana kwa mwangaluka, nikamwamkia tena shikamoo kwa Kiswahili kwa kuwa umri wake unastahili zote mbili. Nikamuuliza anaonaje bwawa tangu bomba lifike mjini.

"Mjukuu wangu," akasema, "zamani walikuja watu wa maji. Walitusumbua. Usivulie hapa, ng'ombe asipite pale, kuni hizi weka chini. Tuliwachukia." Akavuta uzi. "Siku hizi hawaji sana. Nimeanza kuwakumbuka."

Nikamuuliza kuhusu samaki. Akanionyesha macho ya nyavu yake kwa vidole, akasema hayo ndiyo aliyofundishwa, na kwamba kuna vijana wanaokokora kwa vyandarua, wanatoa vifaranga vya perege visivyojaza kiganja. Hasira yake haikuwa na kelele. Aliendelea kushona tu.

Najua litakaloulizwa: kama maji ya Viktoria yanatosha, kwa nini tusiwaachie wakulima na wafugaji bwawa lao? Kwanza, tazama njia ya bomba. Uso wa Ziwa Viktoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Maji hayaji kwetu kwa kuteremka; yanapandishwa, mchana na usiku, kwa umeme unaolipiwa, kwa pampu zinazochakaa, kwenye bomba la mamia ya kilomita ambalo wilaya nyingi zinakunywa njiani kabla yetu. Sisi tuko mwishoni. Mji ulio mwishoni mwa bomba unatakiwa kuwa na akiba yake nyumbani, na akiba yetu ipo, imeshajengwa, imeshalipiwa. Pili, wakulima na wafugaji hao hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuumia. Bwawa likijaa tope halitamngoja mtu wa mjini afikwe. Litaanza na ng'ombe wa Oktoba.

Siamini katika kuweka uzio na kuwafukuza watu. Nimeona watu wakifukuzwa sehemu nyingine na nimeona wanavyorudi usiku na shoka. Ninachokitaka kinahusu kazi za mikono. Weka vigingi vya zege kwenye mstari wa maji ya masika ili ubishi wa mita 60 uishe. Jenga birika la kunyweshea mifugo chini ya tuta, maji yashuke kwa bomba, ng'ombe wasiingie bwawani kwenda kukanyaga matete. Peleka bomba dogo la umwagiliaji hadi nje ya mstari, vitalu vihamie huko, na makampuni yanayonunua tumbaku yachangie, kwa kuwa miche ile ni mwanzo wa mzigo wao.

Na nyuki. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Asali ya Tabora haihitaji kutangazwa, lakini wachache hutazama jinsi nyuki na bwawa wanavyohitajiana. Oktoba nyuki wanajazana ukingoni kunywa. Mwenye mizinga karibu na maji anavuna vizuri, na mwenye mizinga anaogopa moto kuliko afisa misitu yeyote, anafyeka njia za kuzuia moto bila kuambiwa, na hakubali mtu apige shoka mti wenye maua. Wazee walitumia mizinga ya magome, na mti uliobanduliwa gome zima hufa, kwa hiyo ningependa iwe mizinga ya mbao. Mwenye nyuki juu ya bwawa atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kusema usikate hapa, hata kama mji haunywi.

Wazo hilo lilijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji kimojawapo kilicho juu ya bwawa, nami nilikaribishwa kusikiliza. Wanaume wengi walilipokea. Mama mmoja akasimama, akauliza kuni atatoa wapi ikiwa msitu wote utakuwa wa nyuki, na nyuki hao wataenda wapi mtoto akipita kwenda shule. Akina mama wenzake wakampigia makofi. Mwenyekiti hakuwa na jibu la kuni wala la njia ya shule, na hakujifanya analo. Ikaamuliwa kwamba akina mama watatu wakatembee na wafugaji wa nyuki kuchagua mahali pa mizinga, mbali na njia, na waorodheshe miti mikavu inayoruhusiwa kuchukuliwa kuni. Watarudisha majibu mpunga ukishavunwa, na hoja ya vigingi imeahirishwa hadi siku hiyo hiyo, kwa sababu yule anayelima nyanya kwenye tope aliomba naye asikilizwe.